ULINZI WA MARADHI NI AMANA YA KILA NYUMBA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona ni la wizara na waganga tu, nalo ni kazi ya serikali ya kuyafuatilia maradhi ya kuambukiza. Twaulizwa na vijana wetu hapa Kimamba: kazi hii yaendelea au imelala? Na mwananchi asiye mganga atajuaje? Swali ni zuri, nalo lastahili jibu la kweli. Jibu hilo litatufikisha katika vizingiti vya nyumba zetu wenyewe.

Mji wetu wa Kimamba, katika wilaya ya Kilosa, umekaa juu ya Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli na mashamba ya mkonge viliwaleta hapa watu wa makabila mengi. Na kabla ya reli, bonde la mto Mkondoa lilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Mahali pa njia ni mahali pa neema, lakini maradhi nayo hupita njia hiyo hiyo wapitayo watu.

Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, tabibu mmoja aliyekuwa akikaa huko, James Christie, alitaka kujua kimetoka wapi. Hakuwa na maabara wala simu. Aliwauliza wafanya biashara, mabaharia na watu wa misafara: mliyaona wapi maradhi haya, na lini? Kwa majibu yao aliifuata njia ya ugonjwa ule nyuma mpaka bara, akaiandika katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876. Chombo chake kilikuwa ndimi za watu waliokubali kusema walichokiona. Leo serikali ina mitambo ambayo Christie hakuiota, lakini bado mitambo hiyo yaanzia pale pale, katika ulimi wa mtu aliyeona.

HABARI ILIYOMRUDISHA SAYYIDNA UMAR

Wasomaji wetu wakijua kisa cha Sargh. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), katika ukhalifa wake, alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika Sargh, akakutana na makamanda wa jeshi, miongoni mwao Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.), wakampa habari kwamba tauni imeingia Sham. Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawashauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa ufunguzi wa Makka. Mwishowe akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.) ambayo maana yake ni kuwa tukisikia tauni imo katika nchi tusiingie, na ikitukuta tumo ndani yake tusitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mungu, akarejea Madina. Tauni ile, iitwayo tauni ya Amwas, iliwaua watu wengi katika mwaka wa 18 wa Hijra, na Abu Ubayda mwenyewe alikuwa miongoni mwao.

Kisa hiki aghalabu husomwa kwa ajili ya kufahamisha kadari. Sisi leo twataka mlitazame neno moja ndani ya hadithi: kusikia. Amri yote imefungwa kwa kusikia. Nani atajizuia kuingia penye maradhi iwapo hakusikia? Na nani atasikia iwapo walio ndani hawakusema? Wale makamanda waliotoka kumlaki Khalifa na kumpa habari ya kweli, ingawa haikuwa habari ya kufurahisha, ndio waliokuwa sababu ya kusalimika kwa msafara mzima. Lau wangeificha ili wasiitie dosari nchi waliyoitawala, tarehe ingeandikwa namna nyingine.

KAZI YENYEWE ILIVYOPANGWA

Mwaka 1998 nchi za Kiafrika zilizomo katika Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuyafuatilia maradhi kwa mpango mmoja, badala ya kila maradhi kuwa na makaratasi yake na watu wake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuufuata mpango huo. Umepangwa kama ngazi. Ngazi ya chini kabisa ni nyumba na mhudumu wa afya wa kijiji. Juu yake ni zahanati na kituo cha afya, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha mkoa, kisha Wizara ya Afya.

Kila juma zahanati hupeleka juu hesabu ya wagonjwa wa maradhi yaliyotajwa. Lakini yako maradhi yasiyongoja juma liishe, kama vile kipindupindu, tauni, homa zinazotoa damu, na mtoto kupooza ghafla. Habari za hayo hutakiwa zifike juu ndani ya saa 24. Zamani habari zilikwenda kwa karatasi, na mvua ikikata njia, karatasi ilikaa mezani. Sisi wa Kilosa twajua maana ya mvua kukata njia. Hatujasahau mafuriko ya Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyowatoa maelfu ya watu majumbani mwao na kuiharibu reli. Katika miaka ya 2010 serikali ilianza kuingiza utaratibu wa kupeleka hesabu hizo kwa simu ya mkononi, hata ile ndogo isiyo na intaneti. Hayo ni maendeleo ya dhahiri, na mwenye haki hupewa haki yake.

Hapa mkoani kwetu pia ipo kazi ya kujivunia. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kuna kituo kiitwacho SACIDS, kilichoanzishwa mwaka 2008, ambapo waganga wa watu na waganga wa mifugo hufanya kazi pamoja. Wao ndio waliotengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData. Kwa programu hiyo, watu wa kawaida waliofunzwa vijijini huandika waliyoyaona, kwa binadamu na kwa wanyama, na habari ikafika kwa wakuu mara moja. Kumbukeni hapo kwamba wanyama wametajwa pamoja na watu, maana tutalirudia jambo hilo.

KIPIMO CHA MLINZI

Twaja sasa kwenye swali la vijana: tutajuaje kama kazi yaendelea? Wengi wetu hudhani kwamba ikitangazwa habari ya maradhi, basi serikali imeshindwa, na kukiwa kimya, basi mambo ni mazuri. Fikira hiyo yaweza kutudanganya. Shamba lisilo na mlinzi nalo huwa kimya, mpaka asubuhi mwenyewe akakuta mahindi yamekwisha.

Tutazame mfano wa polio. Ugonjwa huu humpoozesha mtoto mguu au mkono ghafla. Lakini kupooza ghafla kuna sababu nyingi nyingine, na katika kila nchi, hata isiyo na polio hata kidogo, hawakosekani watoto wachache wanaopatwa kila mwaka. Kwa hiyo wataalamu wameweka kipimo cha ajabu: katika kila watoto 100,000 walio chini ya umri wa miaka 15, sharti waonekane na kuandikwa kwa mwaka angalau watoto 2 waliopooza ghafla kwa sababu isiyo polio. Wilaya yenye watoto 200,000 inatakiwa iwaone wanne. Isipomwona hata mmoja, haisifiwi. Huulizwa: je, watoto hawa wamefichwa wapi? Kisha kila mtoto huchukuliwa sampuli mbili za choo, kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alipopooza, zikapimwe maabara. Katika kila watoto 100, 80 kwa uchache wawe wametimiziwa sharti hilo.

Fikirini hekima iliyomo humo. Mlinzi hapimwi kwa wezi aliowakamata peke yake, hupimwa pia kwa mara alizoamka akamulika taa, akakuta ni paka tu.

Kipimo cha pili ni siku. Tangu mwaka 2021 wataalamu wa afya duniani wamekuwa wakikitumia kipimo cha saba, moja, saba. Maradhi yagunduliwe ndani ya siku 7 tangu yalipoanza. Yafikishwe kwa wakuu ndani ya siku 1. Na ndani ya siku 7 nyingine hatua za mwanzo zote ziwe zimechukuliwa. Hesabu hii hata mtoto wa chuo aweza kuishika, na kwa hesabu hii mwananchi aweza kuipima serikali yake bila ya kuwa mganga.

Tuipime basi. Mwanzoni mwa Julai 2022, katika kituo cha afya cha Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, walipokewa wagonjwa wenye homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Watu waliingiwa na hofu kubwa. Wahudumu wa kituo hawakunyamaza. Wataalamu wakatumwa, sampuli zikapimwa, ikaonekana si Ebola wala Marburg wala COVID-19. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya wa wakati huo, Bi Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni homa ya Mgunda, ambayo mtu huipata kwa kugusa maji au udongo uliotiwa mkojo wa panya na wanyama wengine, nayo hutibika kwa dawa za hospitali. Walihesabiwa wagonjwa 20, na watatu wakafariki. Kwa majuma mawili hivi, jambo lililokuwa kitisho likawa na jina na dawa. Nasi tunaolima mpunga katika maji na kuishi na panya maghalani tumefaidika na elimu ile.

Mfano wa pili ni wa Bukoba. Tarehe 16 Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba mna maradhi yasiyojulikana yanayoua watu. Tarehe 21 Machi jina likatajwa: Marburg, kwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa, na tarehe 2 Juni ukatangazwa mwisho wake. Wagonjwa walikuwa 9, waliofariki 6, Mwenyezi Mungu awarehemu. Msiba ni msiba, hata wa mtu mmoja. Lakini linganisheni na Uige, katika nchi ya Angola. Huko Marburg iliwashika watu tangu Oktoba 2004, na jina lake halikujulikana mpaka Machi 2005. Waliandikwa wagonjwa 252, na waliofariki ni 227. Maradhi ni yale yale. Tofauti kubwa ni miezi iliyopita kabla ya kujulikana.

Na polio? Mara ya mwisho polio ya asili kuonekana Tanzania ilikuwa mwaka 1996. Mwaka 2015 nchi yetu ikathibitishwa kuwa imesafika, na tarehe 25 Agosti 2020 bara zima la Afrika likathibitishwa. Kisha Februari 2022 jirani zetu wa Malawi wakatangaza mtoto mmoja, na mwaka 2023 akaonekana mtoto mkoani Rukwa aliyepatwa na polio ya aina nyingine, ile itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika kwa kuzunguka mahali penye watoto wengi wasiochanjwa. Watoto wetu wakapewa matone nyumba kwa nyumba. Wako walionung'unika: ugonjwa mmesema umekwisha, mbona mwarudi? Jibu ni kwamba mlinzi hakulala baada ya kusifiwa, na kwa kuwa hakulala, alimwona mtoto mmoja katika mamilioni.

NASIHA KWA WENYE MADARAKA

Dini ni nasiha, na nasiha yawahusu viongozi kama inavyowahusu raia. Kwa hiyo hatuwezi kusema mazuri tukanyamazia yaliyopungua. Tangu Mei 2020 serikali iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa wa COVID-19, na ikapita zaidi ya mwaka mmoja, mpaka katikati ya mwaka 2021, ndipo hesabu zikaanza tena kutajwa. Katika muda ule watu walizika wazee wao, na kila mtu akabaki na hesabu yake ya kukisia. Tena Januari 2025, Shirika la Afya Duniani liliposema kwamba mna dalili za Marburg mkoani Kagera, kwanza Wizara ilikanusha ikasema vipimo havikuonyesha ugonjwa. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alitangaza Dodoma, akiwa pamoja na mkuu wa Shirika hilo, kwamba ugonjwa upo Biharamulo. Ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025, na waliohesabiwa kufariki walikuwa 10.

Hatuyataji haya kwa ajili ya kulaumu. Twayataja kwa sababu kuaminiana ni mali, na mali hii ikipotea hainunuliwi sokoni. Raia huiga. Akiona juu pana kificho, naye chini atajifunza kuficha. Akiona Rais amesimama akasema kweli iliyo chungu, atapata moyo wa kusema kweli iliyo nyumbani kwake. Twawaombea viongozi wetu wawe daima upande wa wale makamanda wa Sargh.

SIKU ZILIZO MIKONONI MWETU

Sasa tugeuze kioo tujitazame. Katika ile hesabu ya saba, moja, saba, zile siku saba za mwanzo hazimo mikononi mwa Waziri, wala Mganga Mkuu wa Wilaya, wala simu yoyote. Zimo nyumbani. Ni siku ambazo mgonjwa amelala ndani, na watu wa nyumba wanashauriana: tumpeleke au tungoje? Tuseme au tunyamaze? Serikali yaweza kuzifupisha siku za maabara na siku za barabara. Siku za nyumbani hawezi kuzifupisha mtu ila baba na mama, bibi na mjomba. Na hapo, ndugu zangu, ndipo twaona pengo lililo kubwa.

Tuanze na kisu. Sote twajua desturi hii: ng'ombe au mbuzi akidhoofu, mwenyewe huwahi kumchinja kabla hajafa, ili asiwe mzoga, kisha nyama huuzwa kwa bei nafuu. Watu husema: kamechinjwa kwa Bismillahi, kana uhai, basi ni halali. Kwa upande wa kuchinja huenda ni kweli, kwani mnyama mgonjwa akichinjwa naye yu hai, si mzoga. Lakini uhalali wa kisu hauondoi uharamu wa kudhuru. Wanazuoni wetu wameharimisha kula kinachodhuru, na Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini mna maji, alimkemea mwenye kuuza kwa kuificha ile aibu ya bidhaa. Ikiwa nafaka iliyorowa imekemewa, itakuwaje nyama ya mnyama mwenye maradhi yanayoua?

Wala hili si la kufikiria tu. Homa ya Bonde la Ufa, iliyogunduliwa Kenya karibu na Naivasha mwaka 1931, hukaa katika mbu na mifugo. Baada ya mvua nyingi za mwisho wa mwaka 2006 ililipuka Garissa, kisha Januari 2007 ikaonekana kwetu Tanzania. Hadi mapema Mei, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, walikuwa wameandikwa wagonjwa 264 katika mikoa 10, na 109 kati yao walifariki. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwamo, na jirani zetu wa Dodoma pia. Mtu huipata kwa kuumwa na mbu, na kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, kwa hiyo mchinjaji, mchunaji na mwenye kumzalisha mnyama ndio walio hatarini mbele ya wote. Mwaka 2000 homa hiyo hiyo ilivuka bahari ikaingia Saudia na Yemen. Kwa umma ambao kila mwaka huchinja siku ya Idi ya mfungo tatu, na kila Alhamisi na Ijumaa una hitima au akika mahali fulani, hakuna maradhi yanayotuhusu zaidi kuliko haya.

Na alama yake mwenye mifugo huiona mapema kuliko daktari: majike huharibu mimba kwa wingi kwa wakati mmoja, na watoto wa mifugo hufa mfululizo. Mfugaji akimwambia bwana mifugo siku ile ile, wilaya nzima imepata siku za kujitayarisha. Akiwahi kuchinja na kuuza, ameuza pamoja na nyama jambo ambalo hakulitia katika mizani.

Pili ni aibu ya kipindupindu. Ugonjwa huu watajwa na uchafu, na kwa hivyo nyumba nyingi hupenda kusema ni tumbo tu. Katika mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani na Zanzibar, hadi Aprili 2016 walikuwa wameandikwa wagonjwa zaidi ya 24,000, na waliofariki ni zaidi ya 370. Mgonjwa wa kipindupindu akiwahi kupewa maji ya chumvi na sukari na kufikishwa kituoni, aghalabu hupona. Akifichwa, aweza kufa kwa saa chache, na choo chake kikafika kisimani. Tumefundishwa kuwasitiri Waislamu wenzetu, nayo ni tabia tukufu. Lakini sitara ni ya dhambi na aibu za watu, na maradhi si dhambi. Anayeyaficha maradhi ya kuambukiza hakumsitiri mgonjwa wake, amemwacha jirani wake uchi mbele ya hatari.

Tatu ni maiti. Kuosha maiti ni haki ya Mwislamu juu yetu, na twaijali. Lakini zikitokea homa kama Marburg au Ebola, mwili wa aliyekufa huwa na hatari kubwa kuliko alipokuwa hai. Sheria yetu haikutuacha bila njia. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maiti asiyewezekana kuoshwa hutayamamishwa, na isipowezekana kuguswa kabisa, dharura ina hukumu zake zinazojulikana. Mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika ya Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitunga utaratibu wa mazishi ya salama na ya heshima kwa kushauriana na viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo. Basi familia isiyataje maradhi kwa hofu ya kunyang'anywa maiti wao? La. Na waseme, kisha wamwite na shekhe wao, ili haki ya maiti na salama ya walio hai zipatikane pamoja.

YA KUFANYA

Huenda msomaji akauliza: nimwambie nani, na nimwambie nini? Mambo si mengi, nayo yafaa yabandikwe katika kila nyumba, kila msikiti na kila chuo. Mtoto aliyepooza mguu au mkono ghafla, msimpeleke kwanza kwa mwenye kupunga, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, kwani sampuli zina siku 14 tu. Mtu anayeharisha maji matupu mfululizo. Mtu mwenye homa na kutokwa damu puani, katika ufizi au penginepo. Mtoto mwenye homa na vipele mwili mzima. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja au mtaa mmoja kuugua au kufa kwa dalili za namna moja. Mifugo kuharibu mimba kwa wingi, au wanyama kufa ghafla. Mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji, au mganga wa zahanati, au mwenyekiti wa kitongoji; kwa mifugo, bwana mifugo. Na Wizara ya Afya ina namba ya simu ya bure, nayo ni 199.

Sisi walimu wa vyuo tuna sehemu yetu ya pekee. Kila siku watoto hukaa mbele yetu, nasi twamjua asiyekuja kabla zahanati haijamjua. Mtoto akikosa chuo siku mbili, na atumwe mwenzake au mtu mzima akaulize hali. Wakikosa watano wa mtaa mmoja, hiyo ni habari ya kupelekwa zahanati siku hiyo hiyo, isingojwe Ijumaa. Maimamu nao, mnaoswalia maiti, mwajua mbele ya watu wote iwapo majeneza ya mtaa mmoja yamezidi. Karatasi ya mahudhurio ya chuo na hesabu ya majeneza ya msikiti hazikuandikwa katika mpango wa Wizara, lakini hapana mtambo utakaozishinda kwa ukaribu.

Na ninyi vijana mlioshika simu mchana na usiku, mwaweza kuwa macho ya mji. Ila jueni tofauti ya kupeleka habari na kutapanya uvumi. Habari hupelekwa kwa mwenye kuweza kuifanyia kazi, na husemwa kwa kadiri ya kilichoonwa. Uvumi hutupwa kwa kila mtu, na huongezwa chumvi. Qurani Tukufu imetuamrisha tuzihakikishe habari, na ikatuonya juu ya kutangaza mambo ya amani au ya hofu kabla ya kuyarudisha kwa wenye kuyajua. Msipige picha ya mgonjwa. Mwiteni mganga.

Mtakapoulizwa tena kama kazi ya ulinzi wa maradhi yaendelea, hesabuni siku. Hesabuni siku za serikali, na mziulize kwa adabu zinapozidi. Lakini kwanza hesabuni zile za nyumbani mwenu: tangu mtoto alipoanza kuugua mpaka mliposema, zilipita ngapi?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awape nguvu wahudumu wa afya walio katika zahanati za mbali, na atujaalie kuwa wakweli katika amana zetu, ndogo na kubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.